Mirathi ya Betri Iliyokufa

Miongoni mwa mambo ambayo watunga sheria wa nchi nyingi wamekubaliana nayo bila ya ugomvi mkubwa tangu mwisho wa karne iliyopita, moja ni kwamba mtu atengenezaye betri ya kuchaji na kuitia sokoni haachani nayo siku apokeapo thamani yake, bali dhima yake huifuata mpaka itakapokufa, na baada ya kufa huko ni juu yake kugharimia kukusanywa kwake, kuvunjwa kwake, na kurudishwa madini yake kiwandani. Rai hii aliipa jina na umbo Thomas Lindhqvist wa Chuo Kikuu cha Lund, katika waraka alioiandikia Wizara ya Mazingira ya Sweden mwaka 1990, na hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuikanusha: maadamu mtengenezaji ndiye achaguaye kitu kiundwe kwa madini gani na kifungwe kwa namna gani, yeye ndiye mwenye uwezo wa kukifanya kiwe rahisi au kigumu kufumuliwa, na hatajishughulisha na jambo hilo mpaka gharama ya kufumua imwangukie mwenyewe. Mimi nakubaliana na rai hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho. Ninalotaka kulisema ni kwamba sheria zilizojengwa juu yake, zikichukuliwa kama zilivyo na kutandazwa juu ya nchi zetu, zitaacha nje jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni mahali betri inapofia na tanuri inamoyeyushwa.

Wamarekani walianza kwa upole. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Mei 13, 1996 iliwataka watengenezaji waziwekee alama betri za nikeli na kadmiamu, na vyombo viundwe kwa namna ambayo betri hizo zitatolewa bila ya taabu, tena ikalainisha kanuni za majimbo zilizokuwa zikitatiza kuzisafirisha. Lakini haikumlazimisha tajiri yeyote kutoa fedha za kuzikusanya, kwa kuwa watengenezaji wenyewe walikwisha kuunda shirika lao la ukusanyaji mwaka 1994, wakifahamu kwamba wasipolitenda jambo kwa hiari watakuja kutendeshwa kwa nguvu. Na nguvu ilikuja. California ilipitisha sheria iliyowafunga wenye maduka wazipokee betri kuukuu bila ya malipo kuanzia mwaka 2006, na New York, mnamo Desemba 2010, ikawabebesha watengenezaji wenyewe gharama yote ya kuzikusanya na kuzirejeleza, kisha mwaka uliofuata ikamharamishia hata mwenye nyumba kuitupa betri ya kuchaji pamoja na takataka za jikoni.

Ulaya walikwenda mbali zaidi. Baada ya maagizo yao ya mwaka 1991 na 2006, wameandika kanuni ya mwaka 2023 ambayo kwa urefu na kwa uchambuzi wake yaweza kumchosha hata kadhi mwenye subira: kufikia mwisho wa mwaka 2027 watengenezaji wawe wamekusanya asilimia 63 ya betri ndogo ndogo, na asilimia 73 kufikia mwisho wa 2030, nusu ya lithiamu iliyomo katika betri zinazofumuliwa ipatikane tena kufikia 2027, na asilimia 80 kufikia 2031, na kuanzia mwaka huo huo wa 2031 betri mpya za magari ya umeme ziwe na kobalti iliyorejelezwa isiyopungua asilimia 16. Katika kanuni yote hiyo kifungu kinipendezacho zaidi ni kile kisichopigiwa kelele, kisemacho kwamba kuanzia Februari 2027 betri ya chombo kidogo sharti iweze kutolewa na kubadilishwa na mwenye chombo. Yeyote aliyepata kumtazama fundi wa simu wa mjini akipasha moto mgongo wa simu ili gundi ilegee, huku akiomba Mungu betri isivimbe mikononi mwake, atafahamu kwamba gundi ile iliwekwa na mtu aliyejua kuwa si yeye atakayeibandua.

Basi tutoke huko tuje Mombasa.

Owino Uhuru ni kitongoji cha watu wapatao 3,000 upande wa Mikindani, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Mwaka 2007 kilijengwa ubavuni mwake kiwanda, tena kwa idhini ya serikali na chini ya mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na kazi ya kiwanda hicho ilikuwa kununua betri kuukuu za magari, kuzivunja, kuziyeyusha sahani zake, na kuuza risasi iliyopatikana. Moshi wake ulitua juu ya mabati na nguo zilizoanikwa, na maji yake machafu yakapita katikati ya nyumba, mahali watoto wachezapo. Phyllis Omido, aliyeajiriwa na kiwanda hicho kushughulikia uhusiano wake na wenyeji, alimwona mwanawe mchanga aliyekuwa akimnyonyesha akipatwa na homa isiyosikia dawa, na vipimo vya damu vikaonyesha kwamba ni sumu ya risasi; akaacha kazi, akaanza kuwapeleka watoto wa majirani kupimwa, akakamatwa, akashitakiwa, akaachiliwa, wala hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 Omido alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawahukumia wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ilipwe na kiwanda pamoja na taasisi za serikali zilizokiruhusu na kukifumbia macho. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024, kiasi cha miaka kumi tangu tanuri lizimwe, wakati ambapo baadhi ya waliostahili kuipokea walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Risasi ina hila yake. Mwili wa mwanadamu huidhania kuwa ni kalsiamu, ukaihifadhi mifupani kwa miongo ya miaka. Na Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi kijulikanacho cha risasi ambacho kikiingia mwilini hakidhuru. Mtoto huathirika zaidi ya mtu mzima kwa sababu ubongo wake ungali wajengwa, na kinachoharibika katika ujenzi huo hakuna daktari awezaye kukirudisha. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, ambako betri zilivunjwa kwa miaka na mchanga ukajaa mabaki, bei ya risasi ilipopanda kina mama walianza kuuchekecha mchanga ule ili wauze chembe zake, na baina ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki.

Sasa naomba msomaji azingatie jambo hili, ambalo aghalabu hupitwa mbio na wasemaji wa mikutano: kiwanda cha Owino Uhuru kilikuwa kiwanda cha urejelezaji. Hakikuwa jaa wala hakikutupa betri baharini. Lau mkaguzi wa Ulaya angalikuja na kalamu yake kupima ni asilimia ngapi ya betri zilizokusanywa zimerudishwa kuwa madini, huenda angalikipa kiwanda hicho alama za kuridhisha na kwenda zake kula samaki wa kupaka. Betri ya risasi haina shida ya kukusanywa hata kidogo. Marekani hurejelezwa karibu zote. Na kwetu, tangu Mombasa hata Mwanza, hakuna betri ya gari iliyokufa ambayo hulala uani siku nyingi kabla mnunuzi wa skrepa hajabisha hodi, maana zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi ina bei. Mchana kutwa wazee wa mikokoteni huzitafuta. Sheria imwambiayo mtengenezaji, "kusanya betri zako," kwa betri ya namna hii yamwambia afanye lililokwisha kufanywa na watu maskini bila ya mshahara, na kumwacha huru katika lile ambalo hakuna alifanyaye, yaani kuhakikisha kwamba tanuri lina kichujio, kwamba tindikali haikumwagwa mtaroni, na kwamba mfanyakazi haendi nyumbani na vumbi la risasi katika kanzu yake akamkumbatia mwanawe.

Betri ya lithiamu ina maradhi ya upande wa pili. Hii hakuna aitakaye. Ile ya zamani ya simu na tarakilishi walau ina kobalti ndani yake, yenye kumtamanisha mtu. Lakini ile ya kisasa ya chuma na fosfeti, ambayo ndiyo ijazayo taa za sola za vijijini na pikipiki za umeme, haina kobalti wala nikeli, na mwenye kuifumua hupata kidogo kuliko alichokiharijia. Kwa hiyo hutupwa, na ikitupwa na kubanwa ndani ya gari la taka huweza kuwaka moto usiozimwa kirahisi. Hapo ndipo sheria ya kumtoza mtengenezaji inapofanya kazi iliyoundiwa: hukipa bei kitu kisichokuwa na bei. Nami sioni kwa nini maradhi mawili yaliyo kinyume, moja la kitu kigombaniwacho na moja la kitu kikimbiwacho, yatibiwe kwa kanuni ile ile yenye maneno yale yale, ilhali kila mwenye duka la betri ajua tofauti yake.

Wala asidhani mtu kwamba ni nchi maskini tu zilizoshindwa kulilinda tanuri. Katika Vernon, pembezoni mwa Los Angeles, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi, mwisho wake kikimilikiwa na kampuni ya Exide, ambacho kilitoa risasi na aseniki juu ya vitongoji vya wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya Mexico, mpaka kikafungwa mwaka 2015. Na kampuni ilipofilisika, mahakama ya mufilisi mwaka 2020 ikairuhusu kukiacha kiwanda na ardhi yake, na mzigo wa kusafisha maelfu ya nyumba ukaangukia hazina ya California. Katika mirathi tuijuayo, deni la marehemu hulipwa kwanza ndipo warithi wagawane kilichobaki. Huko Vernon warithi waligawana kwanza, na deni likaachiwa majirani. Sheria ya dhima ya mtengenezaji isiyochukua dhamana ya fedha mapema, kampuni ingali hai na ingali na faida, ni sheria ya kumdai maiti.

Lipo na tundu jingine, nalo latuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko watu wengine wengi. Katika Kolwezi na miji jirani ya Katanga ya zamani, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya shimo, huchimbwa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Kongo peke yake hutoa kiasi cha asilimia 70 ya ile ichimbwayo. Kobalti hiyo hupelekwa kusafishwa China, ikaingia katika simu, simu ikauzwa Hamburg au Rotterdam, na siku ya kuuzwa kwake mtengenezaji akalipa huko ada yake ya urejelezaji kama sheria itakavyo. Baada ya miaka mitatu au minne simu ile husafiri kwa meli, ingali yawaka, ikaja kuuzwa tena Kariakoo au Luthuli, ikatumika mpaka betri yake ivimbe, ikafia Dar es Salaam au Nairobi. Ada iko wapi? Imebaki Ulaya. Mkataba wa Basel umerekebishwa, na tangu Januari 1, 2025 taka zote za kielektroniki hazivushwi mpaka bila ya nchi ipokeayo kuarifiwa na kuridhia. Lakini simu inayowaka si taka, ni bidhaa, na bidhaa hupita. Kwa hiyo mchimbaji na mzikaji ni watu wa lugha moja, na fedha ya mazishi imewekwa katika sanduku la mtu wa tatu. Maoni yangu ni kwamba ada sharti iifuate simu: nchi inayokubali kwamba chombo kilicholipiwa kwake kisafirishwe kitumike kwingine, na ipeleke pamoja nacho, au pahala pake, sehemu ya ada iliyokilipia. Wataalamu watasema kuhesabu ni kazi ngumu. Benki huhesabu mambo magumu kuliko hayo kila usiku.

Kenya imekwisha kuingia katika jambo hili kwa sheria. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 ilitangaza dhima ya mtengenezaji, na kanuni zake zilichapishwa Novemba 2024, zikimtaka kila atengenezaye au aagizaye bidhaa zilizotajwa, na betri zimo, ajiandikishe kwa NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, na ajiunge na shirika la wenziwe la kukusanya na kurejeleza, au aunde utaratibu wake mwenyewe. Hizo si sawa na ile tozo ya mazingira iliyokuwemo katika Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, ambayo nayo iligusa betri; Mswada huo vijana waliupinga barabarani mpaka Rais akakataa kuutia saini. Watu wengi wamevichanganya vitu hivi viwili, na siwalaumu, kwa sababu vyote viwili humfikia mnunuzi kwa sura ya bei iliyopanda. Lakini tozo huingia hazina, na ikishaingia huko hakuna awezaye kuitambua tena, itajenga barabara, italipa riba, italipa posho. Ilhali fedha ya dhima haiingii hazina kabisa, hutoka kwa muagizaji ikaenda kwa mkusanyaji na mfumuaji, na siku betri zisipokusanywa huonekana wazi kwamba kuna mtu hakulipa. Serikali ingalianza kwa kuwaeleza watu tofauti hiyo, ingaliyakuta masikio yaliyo wazi zaidi.

Wako wasemao kwamba maskini ndiye atakayelipa, kwa kuwa muagizaji ataongeza gharama juu ya betri ya sola ya bibi aliye kijijini. Ni kweli ataongeza. Hata hivyo gharama ile haizaliwi na sheria. Ilikuwako, ikilipwa na mtoto wa Owino Uhuru kwa akili yake, na pia na mlipa kodi kwa sehemu yake katika bilioni 1.3. Swali ni kama tunataka bei iandikwe kwenye kibandiko cha betri, mahali ambapo mnunuzi aweza kuiona na watengenezaji waweza kushindana kuipunguza, au iandikwe katika daftari la hospitali.

Wengine, na hawa nawasikiliza kwa makini zaidi, huuliza mzee wa mkokoteni atakwenda wapi, siku mashirika ya matajiri yatakapokuwa na malori yao na vituo vyao. Jawabu langu ni kwamba asiende popote. Yeye ndiye ajuaye kila gereji na kila uchochoro, na shirika litakalojaribu kukusanya bila yeye litakusanya makaratasi. Kinachotakiwa ni kugeuza namna anavyolipwa. Leo, mnunuzi wa skrepa akitaka risasi tu, tindikali huwa mzigo usio na faida, basi humwagwa pale pale, mtaroni au chini ya mwembe, kabla ya betri kupandishwa mkokoteni. Kanuni ikisema kwamba betri hununuliwa nzima, haijatobolewa, na maji yake ndani, kwa bei iliyo juu ya ile iliyomwagwa, mzee yule atakuwa mlinzi wa tindikali kuliko askari yeyote wa baraza la mji. Fedha ya nyongeza hiyo ndiyo hasa fedha ya dhima. Na kwa mnunuzi wa betri mpya iwepo amana, kama ile ambayo mwenye duka wa New York humtoza mteja dola 5 asipoleta betri yake ya zamani, na ambayo sisi tumeizoea kwa chupa za soda tangu utotoni bila ya kuhitaji mhadhara.

Kwa upande wa lithiamu, jambo la kutia moyo limezuka mahali ambapo hakuna mbunge aliyelipanga. Katika Kigali na Nairobi wako waendesha bodaboda za umeme wasiomiliki betri zao. Huingia kituoni na betri iliyokwisha, wakatoka na iliyojaa, na betri hubaki mali ya kampuni tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Kampuni ile yajua kila betri ilipo, imechajiwa mara ngapi, na lini yaelekea kuchoka, kwa sababu betri ndiyo rasilimali yake. Humo dhima ya mtengenezaji imo ndani ya biashara yenyewe, na serikali haihitaji ila kuandika kwamba kampuni ikifungwa au kuuzwa, betri zake zote, nzima na zilizochoka, zihesabiwe na zidhaminiwe kabla mwenye hisa hajachukua chake. Taa za sola za kulipia kidogo kidogo zina hali ya kinyume, maana mteja akimaliza malipo betri huwa yake, na kampuni ikaisahau siku ile ile ambayo uzee wake unaanza. Hao ndio wa kuandikwa mwanzo katika daftari la NEMA.

Na hapo ndipo penye ugumu ambao siwezi kuupitia kando. NEMA iliyopewa daftari hilo ndiyo NEMA ambayo katika hukumu ya Owino Uhuru ilibebeshwa sehemu ya fidia kuliko mshitakiwa mwingine yeyote, kwa kuwa ilikuwa na mamlaka ya kukizuia kiwanda na haikukizuia kwa wakati wake. Sisemi ipokonywe kazi. Hakuna mwingine wa kuifanya. Nasema isiachiwe kazi hiyo peke yake na faili zake zikiwa zimefungwa. Leseni ya kila tanuri la kuyeyusha betri, pamoja na vipimo vya moshi wake, ibandikwe ofisini kwa chifu wa mahali hapo kwa Kiswahili. Mashirika ya watengenezaji yakatazwe kuhesabu hata kilo moja ya risasi kuwa imerejelezwa ikiwa imepita katika tanuri lisilokaguliwa. Na watoto wote wanaoishi karibu na tanuri wapimwe damu kabla moto haujawashwa kwa mara ya kwanza, kisha kila mwaka, katika hospitali ya umma, kwa fedha ya wenye betri, na majibu wapewe wazazi mkononi siku ile ile anapopewa mkaguzi.